Mwongozo Kamili wa Kumuuguza Aksoloti Aliyetelekezwa Mpaka Apone

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote kuhusu aksoloti, amfibia wa majini mwenye umbo kama la mjusi na matamvua (viungo vya kupumulia majini) nje ya kichwa, ni hili: "Nimemchukua kwa mtu aliyemtelekeza. Nikamtia kwenye maji safi, nikampa dawa, nikamlisha akashiba. Siku ya tatu amekufa. Nimekosea wapi?"

Mara nyingi jibu limo ndani ya swali lenyewe. Maji, joto, chakula na dawa vyote vimebadilika siku moja, na mwili uliodhoofika haukustahimili.

Aksoloti anapumua kwa matamvua na kwa ngozi. Mapafu yake ni ya kusaidia tu. Kwa hiyo kila kilichomo majini kinamwingia mwilini. Tiba yake ya kwanza ni maji, ya pili ubaridi, ya tatu chakula. Dawa za chupa zinakuja mwisho kabisa, na wengi wanapona bila kuzigusa. Fuata hatua kwa mpangilio wake, hata pale huruma inapokusukuma kuharakisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mabeseni mawili ya plastiki yenye mifuniko, ya lita 15 hadi 20 kila moja, ambayo hayajawahi kuoshewa kwa sabuni. Toboa mifuniko matundu ya hewa.
- Kipimajoto cha maji.
- Vipimo vya maji vya matone vya amonia (sumu itokanayo na uchafu wa mnyama), nitriti na nitrati (ambazo bakteria huzitengeneza kutokana na amonia) na pH (kipimo cha asidi). Karatasi za kuchovya hazina usahihi wa kutosha, na nyingi hazipimi amonia, ambayo ndiyo unayoitafuta.
- Dawa ya kuondoa klorini. Chagua iliyo rahisi, kwa mfano yenye sodiamu thiosulfati. Soma lebo: ikitaja mshubiri au iodini, iache dukani. Vitu hivyo huongezwa kwa ajili ya samaki, na havifai kwa ngozi ya mnyama huyu.
- Bakuli pana la kumhamishia.
- Bomba kubwa la sindano, bila sindano yenyewe, la kunyonyea kinyesi na mabaki.
- Nyungunyungu, kutoka udongo usiopuliziwa dawa wala kuwekwa mbolea ya viwandani.
- Majani ya chai nyeusi ya kawaida, yasiyo na viungo wala manukato, na chumvi isiyotiwa madini joto.
- Mizani ya jikoni na daftari.
- Namba ya daktari wa wanyama anayetibu amfibia au wanyama wa majini. Itafute leo, kabla hujaihitaji.

Tangi kubwa halimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Mgonjwa hakai kwenye tangi, anakaa kwenye beseni.

## Hatua ya 1: Mwangalie kabla hujamgusa

Kaa mbele ya tangi lake la zamani, uwe na daftari, umtazame kwa utulivu. Ukishamhamisha, hutaiona tena hali aliyokuwa nayo, na daktari ataiulizia.

Anza na matamvua. Yako matatu kila upande wa kichwa, na kwa mwenye afya kila moja limejaa nyuzi laini zinazoelea. Kwa aliyekaa kwenye maji machafu nyuzi hizo zinakuwa zimeliwa, na linabaki shina tupu. Yakiwa yamekunjika kuelekea mbele ya uso, ana msongo. Sababu inaweza kuwa maji mabaya, joto, au kichujio kinachosukuma maji kwa nguvu.

Kisha tazama ncha ya mkia. Ikijipinda kama ndoana, hiyo nayo ni dalili ya msongo.

Halafu tumbo. Ukimtazama kutoka juu, tumbo linapaswa kuwa na upana unaokaribia wa kichwa. Likiwa jembamba kuliko kichwa na shina la mkia limekonda, amekaa na njaa muda mrefu.

Mwisho ngozi na miguu. Tafuta utando mweupe wenye manyoya kama pamba (hiyo ni fangasi), vidonda, vidole vilivyokatika, na mabaka mekundu. Mguu uliokatika usikutie hofu sana, kwa sababu aksoloti huotesha mguu mzima upya. Mabaka mekundu tumboni au miguuni ndiyo ya kuogopa zaidi, kwani yanaweza kuwa ni kuungua kwa amonia au maambukizi yaliyoingia kwenye damu.

Piga picha. Pima joto, amonia, nitriti, nitrati na pH ya maji hayo ya zamani, uandike. Namba hizi ndizo zitakazoamua utamhamishaje.

## Hatua ya 2: Tayarisha maji mapya

Jaza beseni maji ya bomba, tia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, koroga. Kuacha maji wazi usiku kucha kunaondoa klorini ya kawaida, lakini hakuondoi kloramini, ambayo mitambo mingi ya maji huitumia. Tia dawa tu.

Kina kiwe sentimita 10 hadi 15. Maji yamfunike vizuri, lakini aliyechoka aweze kufika juu kuvuta hewa bila kuhangaika.

Usitumie maji yaliyochemshwa na kupozwa wala maji yaliyosafishwa mpaka yakakosa madini. Aksoloti anahitaji maji yenye madini, na pH kati ya 7 na 8 inamfaa.

Weka beseni karibu na tangi la zamani mpaka joto la maji lifanane, tofauti isizidi nyuzi 1 au 2 za Selsiasi. Ndiyo, hata kama tangi hilo lina joto kupita kiasi. Ubaridi una hatua yake.

## Hatua ya 3: Mhamishe

Hapa ndipo wengi wanapompoteza, kwa hiyo soma sehemu hii yote kabla ya kuanza.

Kosa la kawaida ni kumimina maji safi ndani ya tangi chafu ili "kumsaidia apate nafuu kidogo" akiwa humo humo. Maji ya tangi lililotelekezwa huwa yamegeuka kuwa na asidi, kwa sababu bakteria wanaosaga uchafu wanamaliza madini yanayozuia asidi. Katika maji ya asidi sehemu kubwa ya amonia hukaa katika umbo la amoniamu, ambayo ukali wake ni mdogo. Ukimimina maji safi yenye pH ya juu, amoniamu hiyo inageuka amonia kali pale pale, mnyama akiwa ndani. Alikuwa amezoea sumu hafifu, sasa amepewa kali.

Rudi kwenye namba ulizoandika:

Kama amonia imefika miligramu 1 kwa lita au zaidi, usichanganye maji kabisa. Mtoe kwenye maji machafu, mtie moja kwa moja kwenye beseni lenye joto linalofanana. Mshtuko wa pH upo, lakini amonia ndiyo hatari kubwa zaidi.

Kama amonia iko karibu na sifuri, ila nitrati imezidi miligramu 80 au pH inapishana kwa zaidi ya 1, mzoeshe. Mweke kwenye bakuli lenye maji yake ya zamani ya kumfunika tu, kisha ongeza kikombe kidogo cha maji mapya kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa moja. Halafu mhamishie kwenye beseni bila kumwaga maji ya zamani ndani yake.

Namna ya kumshika: usimshike. Hana magamba. Ngozi yake inalindwa na ute mwembamba, na mkono mkavu unaukwangua. Nyavu zenye matundu makubwa hunasa vidole na nyuzi za matamvua. Zamisha bakuli mbele yake, liinamishe, kisha mwelekeze kwa kiganja kilicholowa kutoka nyuma ya mkia. Ataingia mwenyewe. Linyanyue likiwa na maji na ufunike kwa kiganja, kwa sababu hata aliyedhoofika anaweza kuruka ghafla.

Funika sehemu ya beseni kwa kitambaa. Aksoloti hana kope za kufumba, na mwanga unamsumbua.

Dalili ya mafanikio: ndani ya saa moja au mbili ametulia chini, miguu imegusa sakafu, matamvua yamelegea kuelekea nyuma, na mara moja moja anayapiga haraka kisha anatulia. Dalili mbaya: anazunguka kwa fujo na kujigonga ukutani. Pima maji mara moja. Huenda klorini haijaisha au joto linapishana.

## Hatua ya 4: Shusha joto polepole

Asili ya aksoloti ni eneo la ziwa Xochimilco, katika Jiji la Meksiko, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mwili wake umeumbwa kwa maji baridi: nyuzi 16 hadi 18 ndiyo hali nzuri, 20 anavumilia, na akikaa juu ya 24 anaanza kuugua. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo wakati mwili wake unahitaji nyingi zaidi, na vijidudu navyo huongezeka kwa kasi.

Shusha nyuzi 1 kila baada ya saa chache. Njia rahisi ni kusimamisha beseni lake ndani ya beseni kubwa lenye maji ya baridi, au kuelekeza feni ipulize juu ya uso wa maji. Chupa ya maji yaliyoganda inasaidia pia, ila iwe ndogo, na uibadilishe kwa saa maalumu. Chupa kubwa inayoyeyuka usiku ukiwa umelala inalishusha joto na kulirudisha juu, na kupanda na kushuka huko kunamchosha mgonjwa kuliko nyuzi 21 zisizobadilika.

Usitie vipande vya barafu moja kwa moja majini. Vinapoza upande mmoja tu, na vikitoka kwenye maji ya bomba vina klorini.

Kuna ushauri unaosambaa sana wa kumweka aksoloti mgonjwa kwenye friji, nyuzi 5 hadi 8. Ni njia ya kweli na ina matumizi yake, lakini kwa aliyekonda siishauri. Ubaridi huo unasimamisha mmeng'enyo wa chakula, na anayehitaji kula hawezi kula. Iache mpaka daktari akuambie.

## Hatua ya 5: Maji yote, kila siku

Kuanzia sasa badilisha maji yote kila baada ya saa 24. Beseni halina bakteria wa kusaga uchafu kama tangi lililokomaa, kwa hiyo amonia anayoitoa inabaki hapo hapo mpaka wewe uiondoe.

Utaratibu unaofanya kazi ni wa mabeseni mawili. Jioni, jaza beseni la pili, tia dawa ya kuondoa klorini, liweke kando ya la kwanza. Asubuhi joto linakuwa limelingana. Mhamishe kwa bakuli, suuza beseni la jana kwa maji ya moto bila sabuni, likauke. Jioni unaanza tena.

Kinyesi na mabaki usiviachie mpaka asubuhi. Vinyonye kwa bomba mara unapoviona. Pima amonia kabla ya kubadilisha maji. Ikizidi 0.25 kabla ya saa 24 kutimia, badilisha mara mbili kwa siku.

Nitriti nayo isomeke sifuri, kwa kuwa inaizuia damu kubeba oksijeni: mnyama anakosa pumzi hata kama maji yana hewa tele.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza, na uisuuze vizuri kabla ya kuirudisha majini. Amfibia wanaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Dalili ya mafanikio: mkia unanyooka kwanza, mara nyingi ndani ya siku chache. Kisha matamvua yanapata wekundu wa damu, hasa kwa wenye ngozi nyeupe. Baada ya wiki kadhaa, ukimtazama kwa tochi hafifu kutoka pembeni, utaona vinundu vidogo kwenye shina lililokuwa tupu. Hizo ni nyuzi mpya zinaota. Nakusihi usikose kuziona.

## Hatua ya 6: Mlishe kidogo, kisha kidogo tena

Siku ya kwanza usimpe chakula. Akitulia, jaribu siku ya pili au ya tatu.

Chakula bora ni nyungunyungu. Msuuze kwa maji yasiyo na klorini, mkate kipande cha urefu usiozidi upana wa kichwa cha aksoloti, mshike kwa kibanio chenye ncha butu, na umtikise polepole karibu na pua. Haoni vizuri, ananusa na kuhisi mtikisiko. Akiwa tayari atakaza shingo, atulie kabisa, kisha afungue kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na chakula.

Akimtema mara kwa mara, angalia aina. Wale wembamba wekundu wa kwenye mboji hutoa ute mchungu. Wachovye kwenye maji ya moto kwa sekunde chache, wasuuze, ujaribu tena, au tafuta wa aina nyingine.

Kwa aliyekonda sana, kipande kimoja au viwili kwa siku vinatosha wiki ya kwanza. Tumbo lililozoea njaa halimudu mlo mkubwa. Atautapika, na kutapika kunamwondolea nguvu alizobaki nazo. Ongeza polepole mpaka tumbo likaribie upana wa kichwa. Baada ya hapo, mtu mzima anatosheka na mlo kila baada ya siku 2 au 3.

Usimpe samaki wadogo wa chambo, wanaweza kumletea vimelea. Usimpe nyama ya kuku au ng'ombe, mafuta yake hayamfai. Na usimfungue kinywa kwa nguvu, hata ukiwa na hofu kiasi gani.

Mpime uzito mara moja kwa wiki: weka bakuli lenye maji kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha mtie. Uzito unaopanda hata kwa gramu chache ni habari njema.

Dalili ya mafanikio: kinyesi cha kahawia, laini, kilichoshikana, siku chache baada ya kula.

## Hatua ya 7: Fangasi na majeraha

Utando mdogo kwenye matamvua mara nyingi unaondoka kwa ubaridi na maji safi peke yake. Usipopungua, anza na kilicho chepesi.

Chai nyeusi. Loweka kifuko kimoja kwenye maji ya moto kwa dakika 10 hadi 15, acha ipoe kabisa, mimina kwenye lita 10 za maji ya beseni. Maji yatakuwa na rangi ya kahawia isiyokolea. Rudia kila unapobadilisha maji. Ukali wa chai unaikaza ngozi kidogo na kuilinda.

Chumvi, endapo fangasi inaendelea. Futa vijiko vidogo 2 vya chumvi isiyotiwa madini joto kwa kila lita ya maji, kwenye chombo cha kando, joto likiwa lile lile. Mweke humo dakika 10, zisizidi 15 hata kidogo, kisha mrudishe kwenye beseni lake. Mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache. Kaa naye muda wote. Chumvi ikizidi inaunguza matamvua, na kwa ngozi iliyokwisha kuunguzwa na amonia au yenye kidonda kibichi usiitumie kabisa.

Dawa za samaki zenye shaba, malakaiti ya kijani au fomalini usizitie. Lebo inaweza kusema ni salama kwa samaki, lakini ngozi ya amfibia inapitisha mengi zaidi.

## Akielea au asipopata choo

Aksoloti humeza kwa kuvuta, kwa hiyo kwenye tangi lenye kokoto humeza na kokoto. Kama tangi la zamani lilikuwa nazo, na sasa anakataa chakula, hapati choo au anaelea akiwa ameinama upande mmoja, chukulia kwamba ana jiwe tumboni. Acha kumlisha, punguza maji mpaka agusane na sakafu bila shida, na umpeleke akapigwe picha ya eksirei. Usimkande tumbo.

Kuelea kwa muda mfupi baada ya kuvuta hewa si ugonjwa, mradi anaweza kushuka mwenyewe.

## Dalili zinazohitaji daktari siku hiyo hiyo

- Mwili au tumbo limevimba na kujaa maji.
- Mabaka mekundu yanaongezeka hata baada ya siku mbili za maji safi.
- Kidonda kinachoonyesha nyama au mfupa, au kinachozidi kupanuka.
- Anatapika kila anachokula.
- Haitikii hata akiguswa mkia taratibu.

Nenda na daftari, picha, na chupa ya maji yake. Msafirishe kwenye chombo chenye maji baridi, kilichofunikwa, chenye giza. Wapo ambao huletwa wakiwa wameumia kupita uwezo wa tiba. Daktari akikueleza kwamba kinachobaki ni kumpumzisha bila maumivu, kumkubalia pia ni kumtunza.

## Hatua ya 8: Tangi la kudumu

Lianze siku ile ile unapomweka kwenye beseni, kwa sababu kukomaa kwake huchukua wiki 4 hadi 8. Lita 75 ni kiwango cha chini kwa mmoja. 110 au zaidi ni bora.

Sakafu iwe tupu au ya mchanga laini kabisa. Kichujio kiwe cha sponji, chenye mkondo mdogo. Weka maficho mawili yasiyo na kingo kali. Usihamishe kokoto wala mapambo ya tangi la zamani.

Tia amonia safi isiyo na manukato mpaka ipimwe miligramu 2 kwa lita, na uendelee kupima. Kwanza amonia itashuka na nitriti kupanda, kisha nitriti nayo itashuka na nitrati kuonekana. Tangi limekomaa pale linapoimaliza amonia hiyo yote ndani ya saa 24, nitriti ikiwa sifuri. Kipande cha sponji kutoka tangi lenye afya kinafupisha muda huu sana, ila kisioshwe kwa maji ya bomba, kwa kuwa klorini inaua bakteria wale wale unaowahitaji.

Badilisha sehemu kubwa ya maji mpaka nitrati iwe chini ya 20, hakikisha joto limelingana na la beseni, halafu mhamishe kwa bakuli kama mwanzo. Awe peke yake: wenzake humng'ata matamvua, na samaki pia.

Wiki mbili za kwanza pima amonia na nitriti kila siku. Zikionekana, hata kwa 0.25, mrudishe kwenye beseni na uliache tangi liendelee kukomaa. Usiyatupe mabeseni yale.